Bunduki za Suluhu

Sauti ya ng'ombe ilifika kabla ya wenye ng'ombe. Muzna aliwasikia wakilia kule chini bondeni, akaacha unga kwenye sinia na kupanda darini. Lori moja na magari matatu ya serikali yalikuwa yakikata kona za mlima polepole, vumbi likiyafuata kama mkia.

"Wamekuja," alimwambia mkamwana wake, Shaikha, aliyekuwa akianika nguo. "Wameleta ng'ombe."

"Wangapi?"

"Ng'ombe au watu?"

Shaikha alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mumewe, Salmin, hakuwa amemaliza hata miezi miwili kaburini, na kicheko kilikuwa bado kinamtia haya.

Salmin na binamu yake Karama walichomwa wakiwa ndani ya lori lao, njiani kutoka Bonde la Sharja kwenda kwenye mikunazi ya nyanda za chini. Wafuga nyuki wa Hadhramaut huhama usiku. Mchana nyuki wako malishoni na huwezi kuwafunga. Usiku wakisharudi wote, unaziba midomo ya mizinga kwa kitambaa, unaipanga kwenye lori safu juu ya safu, unaondoka na taa ndogo ili wasihangaike, na kabla ya jua kuchomoza umeshawafungulia mbele ya maua. Mababu walifanya hivyo kwa ngamia. Lakini mtu aliyeketi kwenye chumba cha baridi ng'ambo ya bahari, ambaye hajawahi kuumwa na nyuki, akitazama kwa macho ya ndege isiyo na rubani, aliona lori likitembea usiku karibu bila taa, limejaa vitu virefu vya mviringo vilivyofichwa kwa turubai, akabonyeza kitufe. Asubuhi redio ilisema wapiganaji wawili wameuawa wakisafirisha silaha.

Kwa hiyo ng'ombe walipofika mlangoni mwa Awadh Bakhit, mume wa Muzna, kila mtu katika bonde alijua wameletwa kwa nini. Ilikuwa ni kuombwa radhi. Lililokuwa halijulikani ni nani anayeomba.

*

Wanaume walikaa kwenye mikeka kivulini mwa ukuta, na wanawake darini, nyuma ya kizingo, ule ukuta mfupi wa ukingoni, wakisikiliza. Aliyeongoza msafara alikuwa Kanali Thabit, mzaliwa wa bonde la jirani. Serikali ilimtuma yeye kwa sababu aliijua mila na angeweza kuisema bila kujikwaa.

Aliisema vizuri sana. Alianza na Mungu, akaenda kwa Mtume, akashukia kwenye ukoo wa Bakhit na ukarimu wao. Alisema kifo ni ajali ya kila kiumbe. Alisema, "Katika waliokufa kuna waliotafutwa na wasiotafutwa, na Mungu ndiye ajuaye." Alisema serikali haina kiburi mbele ya watu wake. Akapiga makofi mara moja. Askari wakawalaza ng'ombe watano mmoja baada ya mwingine na kuwachinja pale pale kizingitini, damu ikaingia chini ya mlango. Kisha bunduki kumi na mbili zikatandazwa kwenye mkeka mbele ya Awadh.

"Tumekupeni bunduki, tumekupeni hukumu," Kanali alimalizia. "Mkizipokea, neno ni lenu."

Awadh alikuwa mtu wa sauti ndogo. Miaka thelathini ya kuzungumza na nyuki ilikuwa imemfundisha kutopayuka. Aligusa bunduki moja kwa kidole, akakitazama kidole.

"Karibu, Kanali. Kahawa hiyo hapo. Lakini nikuulize kwanza. Hizi bunduki ni za nani?"

"Za serikali, Baba Salmin."

"Mtu akiua, huleta bunduki yake. Ile iliyokuwa begani mwake. Anaiweka chini, anasema: nimeua, nihukumuni. Hizi zina grisi bado. Hazijapata kuwa begani mwa mtu."

"Afadhali mpya!" mtu alisema kutoka nyuma. "Kuukuu tunazo nyumbani!" Watu wakacheka, Kanali naye akacheka nao, akafurahi kupata pa kupumulia.

Awadh hakucheka. "Serikali ndiyo iliyomuua mwanangu?"

"Hasha!"

"Nani basi?"

"Marafiki wa serikali."

"Wana majina hao marafiki?"

"Kila mwanadamu ana jina, Baba Salmin."

"Basi nitajie moja."

Kanali alinyanyua kikombe cha kahawa, akakitua bila kunywa. Darini, Muzna alikuwa amekamata kizingo kwa mikono miwili.

"Aliyeua hakuleta bunduki," Awadh alisema, "na aliyeleta bunduki hakuua. Sasa mimi nimhukumu nani hapa? Grisi?"

Ndipo Mbarak, mdogo wake Awadh, aliposimama. Karama alikuwa mwanawe wa kwanza, na nyuma yake walikuwa wamebaki sita wanaokula. Akainama, akazikumbatia bunduki kadhaa kama mtu anayezoa kuni, akaziinua. Kijana mmoja wa msafara alitoa simu na kumpiga picha.

"Mimi nimepokea," Mbarak alisema. "Kaka, tupokee kwanza, tuhukumu baadaye. Ndiyo mila."

"Mungu akung'arishe uso, Mbarak!" Kanali alisema haraka.

Awadh alimtazama mdogo wake. Bunduki zikishainuliwa zimeinuliwa. Hakuna anayezitua mbele ya watu ila kwa fedheha. "Haya," alisema hatimaye. "Kwa kuwa neno limekuwa letu, sikieni neno. Sitaki fedha. Sitaki damu. Namtaka aliyebonyeza aseme kwa mdomo wake, huko huko alikokaa, simlazimishi kusafiri: mimi fulani mwana wa fulani nimemuua Salmin bin Awadh na Karama bin Mbarak, wafuga nyuki, na hawakuwa na silaha. Basi. Akishasema hivyo, bunduki atarudishiwa, na ng'ombe nitamlipa."

Kanali alijifuta shingo. "Baba Salmin, omba kitu kinachobebeka."

"Maneno hayana uzito, Kanali. Utayatia hata mfukoni."

"Nitayafikisha," Kanali alisema akiwa ameshasimama. Magari yaliondoka upesi kuliko yalivyopanda, na kahawa yake ikabaki na nzi.

*

Walibaki na nyama. Ng'ombe watano walilala mlangoni, na jua lilikuwa likipanda. Kwa mila, nyama ya namna hiyo ikiingia chunguni mwa mwenye msiba, ameridhika. Lakini mila hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na mbuzi wao wenyewe. Vita vilikuwa vimeshusha thamani ya riali mpaka samaki mkavu alikuwa karamu. Kabla ya saa sita majirani walikuwa wameshajitokeza na sufuria, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita tu.

Fatum, mke wa fundi wa pampu, ndiye aliyesema kwanza. "Mama Salmin, nyama haina kosa."

"Wala mimi sikusema ina kosa."

"Wanangu hawajaionja tangu Idi."

"Mwanangu hataionja tena."

"Mungu amrehemu. Lakini ikioza itamfufua?"

Muzna alipisha njia. "Kateni. Kateni zote, mpeleke. Ila kipande kisipite mlango huu hata kikiwa kimeingizwa na paka."

Walikata. Walikata wakiinamisha macho, kisha mikono ikazoea, na baada ya muda kulikuwa na kelele kama za gulioni, mtu akilia kwamba fulani amechukua ini mara mbili. Muzna alisimama mlangoni mpaka mwisho. Alitaka waione sura yake walipokuwa wakichukua, na wengi hawakuiona kwa sababu walikuwa wakitazama nyama.

Jioni harufu ya nyama na samli ilipanda kutoka uani mwa Mbarak, nyumba ya pili. Awadh, mkewe na Shaikha walikula mkate mkavu na chai. Mbarak alikuja mwenyewe baada ya kula, midomo ikimeta.

"Najua mnavyoniona," alisema.

"Kaa," Awadh alisema.

"Sikai. Karama alikuwa damu yangu. Hakuna wa kunifundisha kulia. Lakini kaka, unamngoja nani? Mtu wa ng'ambo aje aseme samahani? Serikali yetu wenyewe ikikugonga kwa gari, inakudai pesa za taa iliyovunjika!"

Shaikha aliinama, asionekane akitabasamu.

"Nipe zile bunduki nikaziuze," Mbarak aliendelea. "Tununue mizinga ya nyuki, tuanze upya. Mikunazi inachanua sasa. Haingoji hukumu."

"Ziko ghalani," Awadh alisema. "Na hazitoki mpaka nijibiwe."

"Utajibiwa na nani, we mtu?"

"Umezinyanyua wewe, shemeji," Muzna alisema. "Ungalijua huna subira, ungaliacha mikono yako kwapani."

Mbarak aligeuka, akaondoka.

*

Jibu lilikuja, lakini si lile waliloomba. Muzna alilipata dukani kwa Bajaber alipokwenda kununua chumvi.

"Hongera, Mama Salmin," Bajaber alisema akimpimia. "Nasikia mmemaliza."

"Tumemaliza nini?"

Alimgeuzia simu. Kulikuwa na picha ya Mbarak amekumbatia bunduki kifuani, mdomo wazi, na nyuma yake mlango wa nyumba ya Awadh na damu kizingitini. Muzna hakujua kusoma, kwa hiyo Bajaber alimsomea, kwa sauti ya mtu anayesoma habari za mpira. Familia za wapiganaji wawili waliouawa zimepatana na serikali. Zimepokea heshima zote za kimila. Zimekula chakula cha suluhu. Marafiki wa nchi wamepongeza hekima ya wazee, na uchunguzi umefungwa.

"Soma tena pale mwanzo."

"Familia za..."

"Za nani?"

Bajaber alijikohoza. "Wamekosea tu neno, Mama Salmin. Watu wa magazeti hawa."

"Wewe ulimuuzia Salmin sukari ya kulishia nyuki wakati wa kiangazi. Hapo hapo ulipokaa. Uliwahi kumuuzia risasi?"

"Mimi nimesoma kilichoandikwa tu, mama."

Aliacha chumvi juu ya meza. Nyumbani aliwakuta Awadh na Mbarak uani, Mbarak amerudi tena na hoja ile ile. Akawaambia yote, bila kupumua, na alipofika kwenye picha alimwonyesha Mbarak jinsi alivyokuwa amezikumbatia. Mbarak akakaa chini.

Juu, mbali, kulikuwa na mvumo wa ndege isiyo na rubani. Walikuwa wameuzoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Ulikuja baadhi ya siku, ukazunguka bonde, ukaenda. Shaikha aliinua macho, kisha akayashusha polepole mpaka kwenye mlango wa ghala.

"Baba," alimwambia Awadh, "nyumba hii kabla ya hapo ilikuwa na bunduki ngapi?"

"Moja. Ya marehemu babu. Ya kupigia harusini, na inagoma."

"Sasa zimeongezeka kumi na mbili."

Shaikha aliunyoshea kidole mlango wa nyumba.

"Na picha ishatoka," aliendelea. "Nyumba inaonekana, mlango unaonekana. Walisema sisi ni watu wa silaha, hatukuwa nazo. Wamekuja kutuletea."

Mbarak aliangalia juu kisha akasogea, bila kujua anasogea, mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Tuzitupe kisimani," alisema.

"Wakizikuta watasema tumezificha," Muzna alisema.

"Basi tuziuze leo leo!"

"Watasema tunafanya biashara ya silaha. Na safari hiyo hawatakuwa wamesema uongo."

Awadh alisimama. "Nitazirudisha. Nitazipakia kwenye gari nimpelekee Thabit mlangoni mwake. Suluhu imekufa, dai letu lirudi lilipokuwa."

"Kwenye gari," Muzna alisema. "Bunduki kumi na mbili, chini ya turubai, barabara ile ile."

Awadh akakaa tena. Walikaa hivyo wote wanne, mvumo ukizunguka juu yao. Hapo ndipo hasira ilipompanda Muzna kweli, mpaka masikio yakamwaka. Walikuwa wamemuua mwanawe, wakamchafulia jina, na sasa walikuwa wameigeuza hata heshima ya mababu kuwa kitanzi. Na mumewe, mwenye haki yake, alikuwa akiogopa kuirudisha zawadi asije akafa kwa ajili yake.

"Tutazirudisha sisi," alisema.

"Sisi nani?"

"Wanawake. Mchana kweupe, kwa miguu. Tutavaa kofia zetu za shambani. Hata mjinga aliyekaa mawinguni ataona ni kina nani."

"Nitakwenda nanyi," Awadh alisema.

"Wewe ukiwemo, tutakuwa kundi la wapiganaji na wake zao. Kaa nyumbani, Baba Salmin. Siku hiyo usalama wako ni kutoonekana na mimi."

*

Wanawake wa Hadhramaut wakienda shambani huvaa nguo nyeusi na kofia ndefu za makuti zilizochongoka, ndefu kama mnara mdogo, ili jua lisiwapike vichwa. Muzna alipita nyumba kwa nyumba akiwahitaji kumi. Mke wa Mbarak alikuja kabla ya kuitwa. Wengine walikuwa na wagonjwa, au waume. Fatum alifika wa mwisho, kofia mkononi, na hakumtazama Muzna usoni.

"Nyama nimekula," alisema. "Nitailipa kwa miguu."

"Shika ile nzito," Muzna alimwambia.

Hawakuzivaa begani. Walizibeba kwenye mikono iliyonyooshwa mbele, bunduki imelala, jinsi mtu anavyombeba mtoto aliyesinzia, maana mpiganaji habebi hivyo. Walitembea katikati ya barabara. Mikono iliuma, wakawa wanapumzika kwenye kila daraja la mfereji, kisha wanaanza tena. Mvumo uliwakuta kwenye nyanda, mahali ambapo pembeni mwa barabara bado palikuwa na chuma kilichoungua na vigae vya mizinga ya udongo ya nyuki.

"Usiangalie juu," Fatum alimwambia Shaikha.

"Kwa nini nisiangalie? Wao wananiangalia mimi."

"Nakwambia, mtoto. Utajikwaa."

Mmoja alianza kulia kwa woga. Mke wa Mbarak akamwambia alie huku anatembea. Mvumo ulibaki juu yao mpaka wakafika penye kambi ya Kanali, na hawakupigwa. Muzna hakuona kuwa ni jambo la kushukuru. Kwa hiyo mnaona, alijisemea. Mkitaka kuona mnaona.

Askari wa lango waliwaelekezea silaha, kisha wakaona aibu, wakazishusha, kisha wakaziinua tena kwa sababu hawakujua wafanye nini. Kanali Thabit aliitwa. Alikuja akifunga vifungo vya shati.

"Mama Salmin! Nini hii? Mila haimruhusu mwanamke kurudisha bunduki."

"Inamruhusu mwanamume kudanganya kwa ng'ombe?"

"Mlikula nyama."

"Mimi sikula. Mwenye nyumba hakula. Walikula wenye njaa, na hiyo nayo ni kazi yenu. Hukumu ya mume wangu umeifikisha?"

"Nimepeleka juu."

"Wamesemaje?"

Kanali aliwatazama wale wanawake, kofia zimejipanga barabarani, mikono yao ikitetemeka kwa uzito. Akatoka kwenye kivuli cha kibanda cha lango, akamsogelea Muzna na kushusha sauti mpaka ikawa ya kijana wa bonde la jirani na si ya kanali.

"Hawajibu, mama. Wallahi hawajibu. Anayebonyeza mimi mwenyewe simjui. Sijawahi kuambiwa hata anaamka nchi gani."

"Na kuhusu mwanangu? Hilo nalo hulijui?"

"Tulijua asubuhi ile ile," alisema. "Askari wangu ndio waliofika kwanza pale kwenye lori. Waliumwa na nyuki. Mmoja uso ulivimba hata macho hayakuonekana. Hapakuwa na silaha, mama. Nyuki tu."

Shaikha, aliyekuwa nyuma, alitoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi.

"Asubuhi ile ile," Muzna alisema. "Na redio ikasema uliyoyasikia. Na wewe ukaja mlangoni mwangu ukasema waliotafutwa na wasiotafutwa."

"Niliagizwa kusema hivyo."

"Leo hakuna aliyekuagiza. Sema tena ulivyoniambia. Kwa sauti ile ya siku ya ng'ombe, wasikie hawa, wasikie na askari wako. Sitaki zaidi ya hapo. Sema Salmin bin Awadh hakuwa na silaha."

Askari walikuwa wamegeuka kumsikiliza. Kanali Thabit alivuta pumzi, na kwa kitambo kidogo kifua chake kilijaa kama siku ile alipoanza na Mungu na Mtume. Mvumo ulikuwa ukirudi upande wa lango. Aliinua macho haraka, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa, na pumzi ile ikamtoka bila neno. Akarudi nyuma mpaka chini ya bati la kibanda.

"Rudini nyumbani," alisema.

"Hata wewe," Muzna alisema. Alikuwa amemwelewa, na hakumhurumia. "Hata wewe unawaogopa, Thabit."

Akaweka bunduki yake chini, katikati ya barabara. Wengine wakaweka zao, moja kando ya nyingine, kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi wa pili, wakageuka na kuondoka wakinyoosha mikono iliyokufa ganzi. Lori la vitunguu lililokuwa likitaka kupita likasimama. Dereva alipiga honi, akatoa kichwa nje, akauliza ni nani aliyeacha mali yake njiani. Kanali akaamuru ziokotwe. Askari wakatazamana chini ya bati, kisha wakaitazama anga, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka pale na kuonekana ameshika bunduki.